Saketi ya QCA ikigoma: mtafute jirani kwanza, halafu saa

Mwezi wa 6 hapa Mbeya mtu haingii maabara bila koti. Asubuhi moja ya baridi hiyo binti wa mwaka wa mwisho alinifuata, laptopu kaikumbatia kifuani.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Projekti inasemaje?"

"Imegoma. Kijumlishi changu kina mistari 8, minne inakubali, minne inakataa. Nimebadilisha mantiki mara tatu na bado ni ile ile."

Kijumlishi ni saketi ya kujumlisha biti tatu, na mistari 8 ni ya jedwali lake la ukweli, yaani orodha ya kila mseto wa maingizo na jibu lake. Nilimwambia aache mantiki kwanza, maana mantiki yake ilikuwa nzima. Tangu nianze kuwasaidia vijana wanaochora saketi za QCA (quantum-dot cellular automata, saketi za seli ndogo mno zinazosukumana badala ya kupitisha umeme) kwenye QCADesigner, programu ya kuzichora na kuziiga, karibu kila saketi iliyoletwa kwangu ikiwa mgonjwa ilikuwa na jedwali la ukweli lililo sawa kabisa kwenye karatasi. Ugonjwa ulikuwa kwenye mpangilio: seli fulani inasukumwa na jirani asiye wake, au inasukumwa na jirani wake lakini kwa wakati usio wake. Kwa hiyo mwongozo huu unauliza maswali mawili kwa kila dalili. Nani jirani wa seli hii? Na anamsukuma lini?

Kwa aliyesahau msingi: seli moja ya QCA ni mraba wenye vidoti 4, yaani vituo vidogo vya elektroni kukaa, kimoja kila kona, na ndani yake mna elektroni 2. Elektroni hazivumiliani, kwa hiyo zinakimbilia kona mbili zilizo mbali zaidi, yaani kona za mshazari. Mshazari mmoja tunauita polarisheni +1 na kuusoma 1. Mshazari wa pili ni −1 na tunausoma 0. Hakuna mkondo wa umeme unaopita kutoka seli moja kwenda nyingine. Kuna kusukumana tu. Wazo hili lilichapishwa mwaka 1993 na Craig Lent na wenzake wa Chuo Kikuu cha Notre Dame, Marekani, na seli ya kwanza inayofanya kazi ilionyeshwa mwaka 1997, imetengenezwa kwa alumini na kupozwa hadi chini ya kelvini 0.1.

Waya ni foleni ya seli. Geti kuu ni geti la wengi: seli 3 za maingizo zinaizunguka seli moja ya kati, na ya kati inafuata upande wenye kura 2 au 3. Wengi wape, ndivyo elektroni zinavyoamua. Ukiifunga kura moja kwenye 0, geti linakuwa AND, linalotoa 1 pale tu maingizo mawili yaliyobaki yote ni 1. Ukiifunga kwenye 1, linakuwa OR, linalotoa 1 hata likiwa ni ingizo moja tu lenye 1. Hayo yakikaa kichwani, tuanze kupima mgonjwa.

Tokeo limelala, halisogei kabisa

Hii ndiyo dalili rahisi kuliko zote, na ndiyo inayowatisha wageni zaidi. Unaendesha uigaji, mawimbi ya maingizo yanapanda na kushuka vizuri, lakini mstari wa tokeo umelala kwenye sifuri au umeganda upande mmoja tangu mwanzo hadi mwisho.

Anza kwenye ingizo, usianze kwenye tokeo. Chagua seli moja katikati ya njia, ifanye iwe seli ya tokeo kwa muda, endesha. Ikicheza, sogea mbele. Isipocheza, rudi nyuma. Fundi bomba anatafuta mahali maji yanapokatikia kwa njia hiyo hiyo, nusu kwa nusu, na ndani ya majaribio manne au matano utakuwa umeibana seli yenye shida.

Ukiifikia, ivute karibu kwenye skrini. Mara nyingi kuna nafasi tupu ya seli moja ambayo kwa mbali haionekani. Nafasi moja inaua, na sababu yake ni ya kifizikia: msukumano kati ya seli mbili unashuka kwa haraka mno kadiri zinavyoachana, takriban kwa kipeo cha 5 cha umbali. Kwa vipimo vya kawaida vya programu, seli ina upana wa nanomita 18 na inapandwa kila nanomita 20. Ukiruka nafasi moja, umbali unakuwa nanomita 40, mara mbili tu, lakini nguvu inabaki kama asilimia 3 ya ile ya jirani wa kawaida.

Kama hakuna pengo, angalia mambo matatu kwa haraka. Je, seli ya kura ya kudumu umeipa kweli thamani ya kudumu, au umeiandika jina tu ikabaki seli ya kawaida? Je, seli hiyo iko tabaka lile lile na wenzake? Je, rangi za saa, yaani zamu za seli kuamka na kupumzika, zinaruka? Hili la tatu lina maelezo marefu, nitalifikia.

Tokeo linacheza, lakini limegeuka: 1 imekuwa 0

Hapa mtafute jirani wa mshazari.

Seli iliyo kando yako, kushoto, kulia, juu au chini, inakulazimisha ufanane nayo. Seli iliyo kona kwa kona nawe inakulazimisha uwe kinyume chake. Geti la NOT, yaani la kugeuza, limejengwa juu ya tabia hiyo hiyo: waya unagawanyika mikono miwili, na seli ya tokeo inakaa mshazari na ncha za mikono yote miwili. Nimepiga hesabu kwa vipimo vile vile vya nanomita 18 na 20, na msukumo wa mshazari unatoka kama moja ya tano ya msukumo wa kando. Ndiyo maana mikono inakuwa miwili. Mmoja peke yake ni dhaifu.

Sasa, mtu akikata kona ya waya na kusahau seli ya pembeni, anakuwa amejenga NOT bila kukusudia. Waya unapita, polarisheni inaonekana, ila imegeuka na imedhoofika. Tazama kila kona yako. Kona sahihi ina seli pale pale njia mbili zinapokutana.

Kuna aina ya ujanja zaidi. Seli haijaondoka kwenye foleni, imeteleza tu. Hii hutokea ukizima mshiko wa gridi ili kupanga seli za kuvuka, kisha ukasahau kuuwasha. Ikiteleza nanomita 5 kwenda juu, msukumo kutoka kwa jirani wa kushoto unashuka hadi karibu nusu. Ikiteleza nanomita 10, msukumo tayari umebadilika ishara: seli inaanza kugeuza. Kwa jicho, kwenye skrini ya laptopu, nanomita 10 ni kama nywele. Ukiwa na mashaka, futa foleni nzima na uipande upya gridi ikiwa imewashwa. Ni haraka kuliko kuipima.

Kabla hujafuta chochote, hata hivyo, hakikisha tokeo limegeuka kweli. Kwenye uigaji wa maingizo yote, ingizo la mwisho linabadilika kila mzunguko wa saa: 0, 1, 0, 1. Ukisoma tokeo linalolifuata ingizo hilo ukiwa umechelewa au umewahi mzunguko mmoja, utaliona limegeuka hata kama ni zima. Nimeona kijana akiongeza NOT kwenye saketi isiyo na kosa, halafu akashangaa mistari mingine inaharibika.

Geti la wengi linamtii mmoja tu

Maingizo A na B yanasema 1, C inasema 0, na tokeo ni 0. Geti limegeuka kuwa mali ya C.

Sababu ya kawaida ni kwamba mikono mitatu haina urefu sawa na yote iko ukanda mmoja wa saa (kundi la seli zinazoamka kwa zamu moja) pamoja na seli ya kati. Mkono mfupi unatulia kwanza, unaishika seli ya kati, na seli ya kati inaanza kuwasukuma wale wengine wawili warudi nyuma. Kura imepigwa kabla wajumbe hawajafika. Dawa ni kuiweka seli ya kati kwenye ukanda unaofuata. Mikono yote mitatu ikamilike kwenye ukanda, tuseme, 1, ishikilie jibu lake imara, na seli ya kati pamoja na njia yake ya kutokea ianze ukanda 2. Hapo geti linapiga kura likiwa na wajumbe wote mezani.

Sababu ya pili ni waya mgeni. Foleni nyingine inapita jirani na geti, nafasi moja tu pembeni, na inapiga kura ya nne ambayo hukuihesabu. Ile asilimia 3 ya nafasi moja inaonekana ndogo, lakini kura zikiwa 2 kwa 1 geti halina ziada kubwa ya nguvu, na seli tatu nne za mgeni zikijumlika zinaweza kulitikisa. Acha nafasi mbili tupu kuzunguka geti. Eneo litapanuka kidogo. Mimi naona bei hiyo ni halali.

Baadhi ya mistari ni sahihi, mingine si sahihi

Sasa tumefika kwa yule binti. Naomba msomaji atulie hapa, kwa sababu ndipo wengi wanapopoteza mwezi mzima.

Saa ya QCA si saa moja inayopiga kwa saketi nzima. Ni kanda 4 zinazopokezana, kila moja ikiwa nyuma ya mwenzake kwa robo ya mzunguko. Kila ukanda unapita hatua 4: unaamka na kumsikiliza jirani, unashikilia jibu, unaliachia, halafu unapumzika. Aliyekulia Mbarali anaujua utaratibu huu bila kufundishwa. Mkulima wa mpunga hafungulii majaruba yote kwa mpigo. La kwanza linajaa na kushikilia maji wakati la pili linafunguliwa. La pili likishajaa, la kwanza linaweza kuachwa likauke. Maji yanakwenda upande mmoja kwa sababu ya mpangilio wa kufungua, ingawa shamba ni tambarare.

Kwenye QCADesigner kanda hizo ni rangi: 0 kijani, 1 zambarau, 2 samawati, 3 nyeupe. Kanuni ya kwanza ni kwamba rangi zifuatane 0, 1, 2, 3, kisha 0 tena. Ukitoka 0 ukagusa 2 moja kwa moja, fikiria kinachotokea: wakati ukanda 2 unaamka na kusikiliza, ukanda 0 uko katika kuachia. Jirani anayetakiwa kumfundisha mwenzake tayari anasahau. Tokeo linalala au linacheza ovyo.

Kanuni ya pili ndiyo iliyomnasa binti. Kila ishara inayoingia kwenye geti moja iwe imepita idadi ile ile ya kanda tangu ingizoni. Rangi kufanana tu haitoshi. Ukanda 1 wa mzunguko huu na ukanda 1 wa mzunguko ujao zote ni zambarau, lakini zimebeba mistari tofauti ya jedwali.

Kijumlishi chake kilikuwa kile cha mageti 3 ya wengi na NOT 2, muundo ninaoupenda kwa uchache wake. Kibebwa, yaani tarakimu inayopelekwa safu inayofuata, kinapatikana kwa kura ya A, B na C. Jumla inapatikana kwa kura nyingine yenye wajumbe hawa: kibebwa kilichogeuzwa, C yenyewe, na kura ya A, B na kinyume cha C. Kwenye karatasi unakubali mistari yote 8. Kwenye skrini yake kibebwa kilikuwa safi, jumla ndiyo iliyokuwa inakataa.

"Ni mistari ipi inayokataa?" nilimuuliza.

Hakuwa ameiandika. Tukaiandika kwa penseli, pembeni ya kikombe cha chai ya maziwa iliyoshapoa: 000, 001, 110, 111. Inayokubali: 010, 011, 100, 101.

Iangalie orodha hiyo. Inakataa kila A na B zikiwa sawa, inakubali kila zikitofautiana. Kosa lenye sura nzuri hivyo halitokani na seli iliyoteleza. Tukajiuliza: itakuwaje kama C inayokwenda moja kwa moja kwenye geti la mwisho imewahi mzunguko mmoja? Kwa kuwa C ndiyo ingizo la mwisho na inabadilika kila mzunguko, C ya mzunguko unaofuata ni kinyume cha C ya sasa, kila mara. Kwa hiyo geti la mwisho linapokea kibebwa kilichogeuzwa, C iliyogeuzwa badala ya C, na ile kura ya tatu. Tukapita mistari yote 8 kwa dhana hiyo. Kwa 000 geti linapata 1, 1 na 0, linatoa 1, wakati jibu ni 0. Kwa 010 linapata 1, 1 na 1, linatoa 1, sahihi. Kwa 110 linapata 0, 1 na 1, linatoa 1, si sahihi. Orodha ya dhana ikaangukia juu ya orodha ya penseli, mstari kwa mstari.

Tukahesabu kanda kwa kidole kwenye skrini. Njia ya C ilikuwa imekata moja kwa moja, ikawa na kanda 4 pungufu ya njia ya kibebwa. Mzunguko mmoja kamili. Alikuwa ameichora fupi kwa makusudi mazuri, kupunguza idadi ya seli. Dawa ikawa kuirefusha kwa kona kona, kanda 4 zaidi, seli 2 kila ukanda, jumla seli 8.

Kuna kipimo kinachokuokoa hata kama huwezi kukisia sura ya kosa. Badala ya kuacha programu ipite maingizo yote yenyewe, tengeneza jedwali lako la maingizo na uandike kila mstari mara mbili mfululizo: 000, 000, 001, 001, na kuendelea. Kama ugonjwa ni wa kuwahi au kuchelewa mzunguko mmoja, moja ya nakala mbili za kila mstari itatoka sahihi, kwa sababu jirani wa wakati ana thamani ile ile. Ishara iliyowahi inasahihisha nakala ya kwanza, iliyochelewa inasahihisha ya pili. Kama nakala zote mbili ni mbovu, acha saa na urudi kutafuta seli. Naomba kipimo hiki kifanywe kabla ya mtu kugusa mantiki. Kinachukua dakika 10.

Matokeo yamechelewa

Hili si kosa. Saketi yenye kanda 8 kutoka ingizo hadi tokeo inatoa jibu la kwanza baada ya mizunguko 2, na kilichoonekana kabla ya hapo ni takataka ya kuanzia. Hesabu kanda zako, gawanya kwa 4, anza kusoma hapo.

Polarisheni dhaifu

Tokeo zuri kwenye programu hupanda hadi karibu 0.95 upande wa juu na kushuka hivyo hivyo upande wa chini. Ukiona 0.5 au chini yake, jibu linaweza kuwa sahihi leo na kufa kesho ukiunganisha saketi hiyo na nyingine. Kagua ukanda wenye seli moja tu, uongeze ziwe mbili. Kagua ukanda mrefu kupita kiasi. Mimi nikishavuka seli 15 hivi nabadilisha rangi, kwa sababu foleni ndefu inaweza kugawanyika katikati, nusu ikisema 1 na nusu ikisema 0, kila upande ukiwa umetulia. Kisha kagua kona, kama tulivyosema.

Nyaya mbili zinapovukana zinaambukizana

Kuvukana ndiko kunakoumiza kichwa zaidi kwenye QCA, na kuna njia tatu za kuvusha nyaya.

Ya kwanza ni ya tabaka moja: waya mmoja unajengwa kwa seli za kawaida, wa pili kwa seli zilizozungushwa nyuzi 45. Seli ya kawaida na iliyozungushwa zikiwa kwenye mstari mmoja, misukumo yao inafutana kabisa kwa ulinganifu, ndiyo maana hazisikiani. Neno kubwa hapo ni ulinganifu. Seli ikiteleza kidogo, ulinganifu umevunjika na ishara inavuja. Tena, foleni ya seli zilizozungushwa inageuza thamani kila seli: 1, 0, 1, 0. Ukitoa ishara baada ya seli moja zaidi au pungufu, umepata kinyume. Anayeona tokeo limegeuka baada ya kuvuka ahesabu seli zilizozungushwa kabla ya kitu kingine.

Ya pili ni ya matabaka. Hapa kosa ninaloliona ni kutumia matabaka 2 tu. Seli mbili zilizokaa moja juu ya nyingine, kwa umbali wa kawaida wa nanomita 11.5, zinasukumana kwa nguvu inayozidi hata ya majirani wa kando, kama mara 1.25, na zinageuzana. Waya unaopita juu ya mwenzake kwa tabaka moja tu unampiga moja kwa moja. Weka tabaka la katikati lenye seli za ngazi peke yake, na waya wa juu upite tabaka la tatu. Kwa umbali huo wa nanomita 23 msukumo unabaki kama asilimia 8. Kupanda ngazi mbili kunageuza mara mbili, kwa hiyo ishara inafika juu ikiwa ile ile. Aliyepanda ngazi moja au tatu atafika amegeuka.

Ya tatu inatumia saa: nyaya mbili za seli za kawaida zinavukana pale ambapo kanda zao zimeachana kwa nusu mzunguko, mfano 0 na 2. Mmoja akishikilia, mwenzake amepumzika, hamsikii. Ni safi, haihitaji seli za ajabu. Ila inakulazimisha kupanga rangi za saketi nzima mapema, na anayeiongeza mwishoni huishia kuvunja ile kanuni ya kanda sawa. Mimi ningemshauri mwanafunzi aanze na matabaka 3.

Injini moja inakubali, nyingine inakataa

QCADesigner ina injini mbili za uigaji, yaani njia mbili za kupiga hesabu. Ya haraka inaichukulia kila seli kama yenye hali mbili tu na kutafuta utulivu. Kwa kawaida inachukua sampuli 12,800. Ya pili, ya vekta ya koherensi, inafuata mwendo wa kila seli kwa muda halisi: sekunde 7×10⁻¹¹ kwa hatua za sekunde 10⁻¹⁶, yaani hatua 700,000. Kwenye laptopu ya kawaida hiyo inaweza kuwa kazi ya usiku mzima, na huku umeme ukikatika saa 8 usiku na betri imechoka, unaanza upya. Chaji betri, hifadhi faili, anza na injini ya haraka, na ya pili iache mpaka saketi iwe imepona kwenye ya kwanza.

Zikitofautiana, amini ya pili zaidi, lakini tazama kwanza mipangilio. Eneo la msukumo, yaani umbali ambao programu inahesabu majirani, kwa kawaida ni nanomita 65 kwenye injini ya haraka na 80 kwenye ya pili. Mtu akilipunguza hadi 25 ili kuharakisha, majirani wote wa mshazari wanatoweka, kwa kuwa wao wako nanomita 28. NOT zake zote zinakufa na hajui kwa nini. Kama injini ya haraka inatoa jibu tofauti kila unapoiendesha, ongeza sampuli, halafu tafuta ukanda mrefu. Huko ndiko seli zinakotulia mahali pabaya kwa bahati.

Nikipandisha joto, kila kitu kinakufa

Ni lazima kife. Gharama ya seli mbili za jirani kutofautiana, kwa vipimo hivi na uwezo wa kati (kiasi ambacho nyenzo inapunguza msukumo wa umeme) wa 12.9, nimeipata karibu milielektronivolti 1.5, kipimo kidogo cha nishati. Mtikisiko wa joto kwenye kelvini 300 ni karibu milielektronivolti 26. Kijana mmoja aliniuliza kama baridi yetu inasaidia. Asubuhi ya Julai pale Uyole, nyuzi 5, bado ni kelvini 278. Injini ya pili kwa kawaida inaiga kelvini 1, ambapo mtikisiko ni milielektronivolti 0.086 tu.

Joto pia linaweka kikomo cha urefu wa ukanda. Kwa makadirio ya Lent na mwenzake Tougaw, idadi ya seli isizidi e (2.718) ikipandishwa kwa kipeo ambacho ni gharama ile iliyogawanywa kwa nishati ya joto. Kwenye kelvini 4.2, joto la heliamu iliyo kimiminika, nikipiga hesabu napata seli 60 hivi. Kwenye kelvini 10 zinabaki 5. Anayetaka joto la kawaida anahitaji seli ndogo za ukubwa wa molekuli, au aina ya sumaku. Geti la wengi la sumaku ndogo lilionyeshwa likifanya kazi kwenye joto la chumba mwaka 2006.

Kwa hiyo kwenye ripoti andika kelvini ngapi, ukubwa wa seli, umbali wa kupanda, uwezo wa kati, eneo la msukumo, injini ipi na sampuli ngapi. Binti aliviandika vyote ukurasa wa kwanza wa sura ya matokeo, pamoja na ile orodha ya penseli ya mistari 4 iliyokataa na idadi ya kanda kabla na baada ya kurefusha njia ya C. Tokeo lake la jumla sasa linasoma polarisheni 0.94, na mistari yote 8 inakubali kwenye injini zote mbili.